Walimu Wazoefu wa Kiingereza na Ujuzi wao Usioandikwa

Historia ya kuwafundisha Kiingereza watu ambao si lugha yao mara nyingi huandikwa kama historia ya njia: njia ya tafsiri, njia ya kutumia Kiingereza kitupu, njia ya mdomo, na nyingine zilizofuata. Njia moja huinuka, hutawala kwa muda, kisha hushutumiwa na kuachwa. Uandishi wa namna hii una faida yake, kwa kuwa huweka tarehe na majina mahali pake. Lakini huficha jambo kubwa zaidi, yaani kwamba mawazo mengi yaliyodumu katika kazi hiyo yalizaliwa darasani, kichwani mwa mwalimu aliyekaa miaka mingi pamoja na wanafunzi wa lugha fulani, akayasikiliza makosa yao mpaka akaijua asili ya kila moja. Basi swali la mwanahistoria si njia gani iliyoshinda. Swali ni jinsi ujuzi huo ulivyopita kutoka kwa mwalimu mzee kwenda kwa mwalimu kijana, na ni wapi ulikopotea njiani. Kwa Afrika Mashariki swali hili lina uzito wa pekee, maana huku Kiingereza kimekuwa mlango wa shule za juu tangu siku za ukoloni, na aliyeshindwa kuupita mlango huo alirudi nyumbani, awe na akili au asiwe nazo.

Yafaa kuanza na Harold Palmer, aliyezaliwa London mwaka 1877. Mtu huyu hakuanza kazi yake katika chuo kikuu. Mwaka 1902 alikwenda Verviers, mji wa viwanda nchini Ubelgiji, akapata kazi ya kufundisha katika shule ya Berlitz. Sheria ya shule za Berlitz ilikuwa moja, nayo ilikuwa kali: mwalimu asitamke neno hata moja la lugha ya wanafunzi wake, kila kitu kifundishwe kwa kuonyesha, kutaja na kuuliza katika lugha ile ile inayofundishwa. Palmer alijifunza kazi chini ya sheria hiyo, kisha akafungua shule yake mwenyewe katika mji ule ule, na hapo akawa huru kuyajaribu mambo kwa namna yake. Vita vya mwaka 1914 vilimrudisha Uingereza, na tangu 1915 alifundisha University College, London, karibu na Daniel Jones, bingwa wa elimu ya matamshi. Kitabu chake kikubwa cha mwaka 1917, juu ya uchunguzi na ufundishaji wa lugha, kilitoka kwa mtu aliyefundisha kwanza na kuwaza baadaye.

Jambo la kutazamwa ni kwamba Palmer, aliyelelewa katika sheria ya kuikataza lugha ya mwanafunzi, aliiacha sheria hiyo. Hakurudi kwenye tafsiri ya siku zote, kwa kuwa alishika mno mazoezi ya masikio na ulimi. Lakini hakuona sababu ya kumnyima mwanafunzi maana ya neno pale ambapo neno moja la lugha yake lingemaliza shida. Sababu yake ni rahisi kuifahamu. Mwalimu akiinua kalamu na kuitaja, mwanafunzi aweza kudhani kwamba neno lililotajwa ni jina la wino, au la rangi, au la kitendo cha kuinua. Mwalimu mgeni huona darasa limekaa kimya na kuitikia, akadhani limeelewa. Mwalimu mzoefu amekwisha kudanganywa na kimya hicho mara nyingi.

Mwaka 1922 Palmer alialikwa Japani kuwa mshauri wa serikali katika mambo ya kufundisha Kiingereza. (Mwaka huo huo, kwa sadfa tu, Makerere ilianzishwa Uganda kama shule ya ufundi.) Mwaka 1923 iliundwa huko Tokyo taasisi ya kuchunguza ufundishaji wa Kiingereza, naye Palmer akawa mkuu wake mpaka alipoondoka Japani mwaka 1936. Alifika na njia yake ya mdomo ikiwa tayari. Alichokikuta ni madarasa makubwa, mitihani ya kuingia shule za juu iliyopima kusoma na kutafsiri, na walimu wengi waliokijua Kiingereza kwa macho kuliko kwa ulimi. Walimu wale hawakumkataa mgeni wao hadharani. Walijiunga na taasisi, wakaandika katika jarida lake, wakahudhuria mkutano wake wa kila mwaka, ambapo baadhi yao walifundisha somo zima mbele ya wenzao ili litazamwe na kujadiliwa. Na humo, kidogo kidogo, wakamweleza yale yasiyowezekana.

Palmer alisikia. Kuanzia 1927 kazi ya taasisi iligeukia zaidi uchaguzi wa maneno: ni maneno yapi ya Kiingereza yamfaayo mwanafunzi kwanza, na hadithi zipi zaweza kuandikwa kwa maneno hayo pekee. Hili lilikuwa hitaji la walimu wa kusomesha, wala halikuwa hitaji la njia ya mdomo. Katika miaka ya 1930 walimu wa shule moja ya Fukushima walionyesha jinsi mazoezi ya mdomo yanavyoweza kuunganishwa na usomaji wa kitabu katika darasa la kawaida la Kijapani, na mpango wao ukajulikana kwa jina la mji wao. Katika habari zote za Palmer hii ndiyo sehemu inayostahili kusomwa polepole, kwa sababu mshauri aliyeletwa kutoka mbali aliondoka akiwa amefundishwa na wale aliokuja kuwafundisha.

Miongoni mwa walimu waliofanya kazi pamoja na Palmer alikuwapo A. S. Hornby, aliyekwenda Japani mwaka 1924 kufundisha fasihi ya Kiingereza katika chuo cha biashara cha Oita, kisiwani Kyushu. Hapo aliona kwamba wanafunzi hawakuhitaji fasihi kwanza, bali lugha yenyewe. Kwa miaka mingi alikusanya habari za jinsi vitenzi vya Kiingereza vinavyoshika maneno yanayovifuata, akiwa na wenzake wawili, E. V. Gatenby na H. Wakefield, ambao nao walikuwa walimu huko. Kamusi waliyoitunga ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, katikati ya vita, kisha ikatolewa tena na Oxford mwaka 1948. Humo kila kitenzi kimepewa alama ya kuonyesha kiko katika muundo upi kati ya miundo 25. Mwenye Kiingereza cha kuzaliwa hana haja na alama hizo, na hangezibuni. Zilibuniwa na watu waliosahihisha madaftari.

Msomaji wa Kiswahili aweza kuipima thamani ya kazi ile kwa mfano wa karibu. Kiswahili husema «nipe kitabu» na husema «nieleze jambo hili». Katika sentensi zote mbili mtendewa ameingia ndani ya kitenzi kwa kiambishi kimoja, wala hakuna tofauti kati yao. Kiingereza hutenganisha: kitenzi «give» hukubali kufuatwa na mtu moja kwa moja, lakini «explain» hukataa, hudai kihusishi katikati. Mwanafunzi wa Tanga au Mombasa akiandika «explain me this matter» hakufanya uvivu. Amefuata sheria ya lugha yake kwa uaminifu. Ndivyo ilivyo pia kwa «alinishauri niende», ambayo hugeuzwa «he suggested me to go». Kamusi ya kawaida ya tafsiri, ikimpa mwanafunzi neno la Kiingereza lililo sawa na «eleza», imempa nusu ya anachohitaji na kumwachia mtego katika nusu ya pili. Hornby alikuwa na Wajapani mbele yake, si Waswahili. Hata hivyo alama zake zawafaa wote wawili, kwa kuwa ugumu uko katika Kiingereza chenyewe.

Neno hili la mwisho lilishikwa kwa nguvu na mwalimu mwingine, F. G. French, aliyefanya kazi ya elimu miaka mingi nchini Burma. Mwaka 1949 alitoa kitabu kidogo juu ya makosa ya kawaida katika Kiingereza. Alikusanya mifano kutoka sehemu mbalimbali za Asia na Afrika, akaonyesha kwamba makosa yale yale hufanywa na watu wa lugha zisizo na udugu wowote. Basi, alisema, haifai kuilaumu lugha ya mwanafunzi kwa kila kosa. Makosa mengi hutoka katika Kiingereza na katika namna kilivyofundishwa. Hoja hii ni nzuri na yafaa kuwazuia wale wanaoona athari ya lugha ya mama kila mahali. Lakini haimalizi mambo. Yako makosa yanayowapata wanafunzi wote, na yako mengine ambayo hayafahamiki ila na mwalimu aijuaye lugha yao.

Kwa mfano, mwalimu aulize kwa Kiingereza kama mwanafunzi hajala. Mwanafunzi wa Kiswahili aliye na njaa atajibu «yes», kwa sababu katika lugha yake «ndiyo» hulikubali neno la aliyeuliza: hujala? Ndiyo, sijala. Kiingereza hakijali neno la muulizaji, hutazama tendo lenyewe, na hudai «no». Mwalimu asiyejua Kiswahili huona mtoto amejibu vibaya na pengine humdhania kuwa hakuelewa swali, hali mtoto ameelewa sawasawa. Au mwanafunzi aandike kwamba alisikia harufu ya moshi, kwa kitenzi kile kile cha Kiingereza kinachotumika kwa sauti. Katika Kiswahili mtu husikia njaa, husikia baridi, husikia maumivu, husikia harufu. Masikio ni sehemu ndogo tu ya kusikia. Kadhalika «kuazima» kwamhusu atoaye na apokeaye, na Kiingereza kina vitenzi viwili. Na «yeye» hamwulizi mtu kama ni mume au mke. Zaidi ya hayo, Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili kwa watoto wengi wa bara, na katika lugha kadhaa za Kibantu L na R hazitenganishwi, hata mtoto huchukua shida moja kuipitisha katika lugha mbili. Mwalimu aliyefundisha miaka ishirini anayo mambo mengi ya aina hii. Mengi hayamo vitabuni.

Hata hivyo hakuna mwalimu wa zamani ambaye maandishi yake yagusa hali ya Afrika Mashariki kuliko Michael West, ijapokuwa darasa lake lilikuwa Bengali. West aliingia idara ya elimu ya Bara Hindi mwaka 1912, akawa mkuu wa chuo cha walimu cha Dacca, mji ambao leo ni Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh. Mwaka 1926 alitoa kitabu chake juu ya watu wenye lugha mbili. Alichokiona ni hiki: watoto wengi walianza Kiingereza, wakakiacha kabla ya kufika mahali kinapofaa. Mafunzo yalipangwa kana kwamba kila mtoto atafika mwisho. West akaazima neno la watu wa bima. Mtu akiacha kulipa bima kabla ya wakati, hurudishiwa kiasi fulani. Je, mtoto anayeacha shule katika mwaka wa tatu hurudishiwa nini kwa Kiingereza alichokitumikia? Kwa njia zilizokuwapo, karibu hakupata kitu. Maneno machache ya kusalimia na sheria chache za sarufi haviwezi kumsomea barua wala gazeti.

Jibu lake lilikuwa kuanza na kusoma. Mbengali, alisema West, anayo lugha yake ya kusemea mambo ya moyoni na ya nyumbani. Kiingereza anakihitaji zaidi kwa kupata elimu iliyomo vitabuni. Mtoto akijifunza kusoma kwanza, hata akiacha mapema atakuwa na kitu mkononi. West akavichunguza vitabu vya kusomea vya wakati ule, akaona vimejaa maneno mageni yasiyo na kazi, yaliyorundikwa pamoja bila kurudiwa. Akaviandika upya, akiyaondoa maneno ya nadra na kuyatawanya mageni mbali mbali ili kila moja lipate kukutwa tena na tena. Huo ndio mwanzo wa vitabu vyake vya kusomea vilivyoenea duniani. Mwaka 1934 alikutana na Palmer na wengine mjini New York katika mkutano juu ya uchaguzi wa maneno, na kazi iliyoanzia hapo ilizaa, mwaka 1953, orodha yake mashuhuri ya maneno yapatayo elfu mbili.

Pengine kitabu chake chenye hekima nyingi zaidi ni kile cha mwaka 1960, alichokitoa akiwa mzee wa zaidi ya miaka sabini, juu ya kufundisha Kiingereza katika mazingira magumu. Hakizungumzi juu ya shule ya kielelezo. Kinazungumza juu ya darasa lililojaa, watoto wamebanana juu ya mabenchi, joto, mwanga hafifu, na mwalimu ambaye Kiingereza chake mwenyewe hakitoshi. West hakusema subirini mpaka mambo yatengenee. Alisema kwamba kadiri darasa lilivyo kubwa na hali ilivyo ngumu, ndivyo ilivyo lazima wanafunzi wafundishwe namna ya kujifundisha. Mtu aliyepita chuoni katika pwani ya Waswahili, ambako mwanafunzi aliyetangulia humshika mkono mdogo wake na kumsomesha juzuu yake wakati mwalimu anawasikiliza wengine, hataliona wazo hili kuwa geni.

Mwaka mmoja tu baada ya kitabu hicho, mabingwa wa kufundisha Kiingereza kutoka nchi za Jumuiya ya Madola walikutana katika Chuo cha Makerere, kuanzia tarehe 1 hata 13 Januari 1961. Mkutano huo ni alama kubwa katika historia hii, na hapana haja ya kuudharau. Ulikitambua kufundisha Kiingereza kwa wageni kuwa ni kazi yenye elimu yake, ukasisitiza haja ya kuwafunza walimu na wakufunzi wao. Lakini mashauri yake yaliegemea upande mmoja. Mwaka 1992 Robert Phillipson aliyachambua, akasema kwamba yalijengwa juu ya nguzo tano, na zote tano akaziita makosa: ya kwamba Kiingereza hufundishwa vema kwa Kiingereza kitupu, ya kwamba mwalimu bora ni yule aliyezaliwa nacho, ya kwamba kikianzwa mapema ni bora, ya kwamba kikifundishwa kwa wingi matokeo huwa mema, na ya kwamba lugha nyingine zikitumiwa sana, Kiingereza hushuka. Wako waliompinga Phillipson na kusema ameyasukuma mambo mno. Lakini hata kwa hukumu ya upole, ni vigumu kutoiona ajabu ya jambo lenyewe. Sheria ile ile ya Verviers, ambayo Palmer aliiacha miaka arubaini na zaidi kabla yake kwa sababu ya yale aliyoyaona darasani, ilirudi kwa mlango wa mbele. Na ya pili miongoni mwa nguzo hizo ilimwondoa katika hesabu mwalimu Mwafrika, ambaye ndiye peke yake aliyeweza kusikia kwa nini mtoto amesema «yes».

Walimu wageni walifuata. Mpango wa walimu kwa Afrika Mashariki, uliotungwa katika mkutano wa Princeton mwezi wa Desemba 1960 na kusimamiwa upande wa Marekani na Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, ulileta kundi lake la kwanza mwaka 1961, na Waingereza nao walikuja. Walipelekwa katika shule za sekondari za Kenya, Uganda na Tanganyika. Shule zile zilikuwa na haja kubwa, na wengi wao walifanya kazi kwa bidii ambayo wanafunzi wao wanaikumbuka. Ila mapatano yao yalikuwa ya miaka miwili. Mwaka wa kwanza mwalimu hujifunza kulisikia darasa. Mwaka wa pili huanza kuyafahamu makosa yake. Kisha huenda zake, na ajaye huanza upya. Ujuzi wa namna hii hauwezi kukua katika shule ambayo walimu wake hupita kama wasafiri.

Kenya ilikuwa na jaribio la aina nyingine, na labda ndilo lililokaribia zaidi kuufahamu uzito wa jambo hili. Mwaka 1957 kilifunguliwa Nairobi kituo maalumu cha kuanzisha mafunzo kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, hapo mwanzo kwa watoto wa Kiasia. Madarasa ya kwanza yalikuwa machache, na washauri wa kituo waliyatembelea, wakakaa humo, wakamwonyesha mwalimu somo na kulitazama lake. Matokeo yalisifiwa, mpango ukapelekwa haraka katika shule za Waafrika, na tume ya elimu ya mwaka 1964 iliyoongozwa na Simeon Ominde ikauunga mkono. Lakini vitabu husafirishwa kwa lori, na mtu wa kukaa nyuma ya darasa hasafirishwi hivyo. Madarasa yalipoongezeka kwa kasi, usimamizi ule wa karibu haukuweza kuongezeka kwa kadiri hiyo, na kilichofika katika shule nyingi za mbali kilikuwa kitabu bila mwalimu wa mwalimu. Ubishi uliofuata ulikuwa juu ya lugha ya kufundishia, kana kwamba hiyo peke yake ndiyo iliyoleta sifa za mwanzo.

Tanzania ilishika njia tofauti. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika madarasa yote ya shule ya msingi, na Kiingereza kikabaki somo. Kisha mtoto akiingia sekondari akakikuta Kiingereza ndicho lugha ya kila somo. Tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilishauri mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande mpaka sekondari; shauri hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walichunguza hali ya Kiingereza nchini, wakaona kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kujifunzia masomo. Hata hivyo wakashauri kiendelee kuwa lugha ya kufundishia. Msaada wa Uingereza uliofuata uliweka mkazo kwenye vitabu vyepesi vya kusoma, vilivyopangwa kwa kadiri ya maneno. West alikuwa amekufa mwaka 1973. Wazo lake la Dacca lilifika Tanzania miaka sitini baadaye, tena likiwa limeacha nyuma lile swali la bima, ambalo ndilo lililolizaa.

Katika muda huo wote walimu wa Tanzania walifanya nini? Waliofanya utafiti darasani, kama wale waliokusanywa katika kitabu alichokihariri Casmir Rubagumya mwaka 1990, na wale wa mradi wa LOITASA uliolinganisha Tanzania na Afrika ya Kusini tangu 2002, waliona jambo lile lile. Mwalimu huanza somo kwa Kiingereza, huandika ubaoni kwa Kiingereza, na mambo yanapokuwa mazito huingia katika Kiswahili, hueleza, huuliza, husikia jibu, kisha hurudi kwenye Kiingereza ili wanafunzi waandike. Wengine wameliita jambo hili udhaifu wa mwalimu. Wapo walimu ambao kwao ni udhaifu kweli, na haifai kuwapamba. Lakini mwalimu mwenye Kiingereza kizuri naye hufanya hivyo, na hufanya kwa kupima: wakati gani neno la Kiswahili litafungua, wakati gani litamzuia mwanafunzi asijaribu. Kupima huko ndiko Palmer alikokuita sehemu ya ufundi, naye alikuwa na jarida la kukiandikia na mkutano wa kukionyeshea.

Mwalimu wa sekondari wa Tanzania hakuwa navyo. Alikuwa na kanuni iliyomkataza. Katika shule nyingi za Afrika Mashariki mwanafunzi aliyesikika akisema lugha ya kwao aliadhibiwa, na Ngũgĩ wa Thiong'o ameieleza desturi hiyo ya Kenya ya ukoloni katika kitabu chake cha mwaka 1986. Kwa mwalimu adhabu haikuwa ya fimbo, lakini mkaguzi akiingia Kiswahili kilinyamaza. Somo lililoonyeshwa kwa mgeni halikuwa lile lililofundishwa kila siku. Kwa hiyo wakaguzi waliandika habari za somo ambalo halikuwapo, vyuo vya ualimu vikawafundisha vijana somo hilo, na kijana alipofika shuleni akalazimika kulijifunza lile la kweli peke yake, kwa kusikiliza kupitia ukuta wa darasa la jirani.

Mwaka 1946, Hornby alipokuwa amerudi kutoka Mashariki, lilianzishwa London jarida la kufundisha Kiingereza, naye akiwa mhariri wake wa kwanza. Jarida hilo bado linatoka. Liliwapa walimu wa nchi nyingi mahali pa kuandika kwamba katika darasa langu kosa hili hutoka hapa, na dawa niliyoiona ni hii. Kwa upande wa Kiswahili orodha ya namna hiyo bado haijakusanywa: ya «ndiyo» na «hapana», ya kusikia harufu, ya kuazima, ya vitenzi vya kutendea na jinsi vinavyogeuka katika Kiingereza cha mtoto wa darasa la sita wa Pemba, wa Mwanza, wa Kisumu. Walimu walioanza kazi katika miaka ya 1960 wamekwisha kustaafu, na wengi wao wamefariki. Wale walioanza baada ya 1984 wanastaafu sasa. Daftari zao za kusahihishia, pale ambapo hazijachomwa, ziko majumbani.